Mwaka wa Kamera Isiyojua Rangi

Ilianza Jumanne, saa kumi na moja na nusu ya jioni. Mama alikuwa anapepeta mchele nyuma ya nyumba, mimi naosha sufuria, mara Solange akaingia uani na ndoo ya plastiki kichwani na kiatu kimoja mkononi. Alikuwa binti wa mdogo wake mama, mama mdogo wetu aliyefariki kule Kalima tukiwa bado watoto. Baba yake, mchimba kasiteriti, yale mawe ya bati, alikuwa ameingia porini na wenzake vita vilipofika machimboni, na hakuna aliyemwona akitoka. Solange alitembea hadi kwetu Kindu na watu asiowajua. Mama aliweka ungo chini, akamtua ndoo, akamkalisha kwenye kigoda nilichokuwa nimekalia. Hakulia, wala hakumuuliza kitu. Aliniambia tu: "Feza, muwekee maji ya moto. Huyu njo mugeni wetu." Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita, mwoga wa kusema hata jina langu mbele ya watu, na kila jioni niliandika kidogo katika kurasa za nyuma za daftari la jiografia. Jioni ile niliandika mstari mmoja: Solange amefika, amekaa nilipokuwa nimekaa.

Nayakumbuka haya kwa sababu mwezi uliopita tulimzika mama, na Solange alikuja kwa ndege kutoka Ulaya kwa matanga. Wanawake walimwekea kiti cha plastiki karibu na ukuta, penye kivuli, wakampa sahani ya kwanza ya wali na sombe ya majani ya muhogo. Mimi nilikuwa napita na sahani nyingine. Shangazi mmoja alinishika mkono, akawaambia waliokaa naye kwenye mkeka: "Munamuona huyu? Njo aliachilia mwenzake nafasi ya ndege wakati wa vita. Mutoto mudogo namna ile." Mwenzake akajibu: "Batoto ba leo bangepigania mpaka ndege ivunjike." Wakacheka kile kicheko cha matanga kinachobaki kooni. Solange alikuwa anatazama wali wake. Mimi nilitabasamu kama ninavyotabasamu kila hadithi hiyo inaposimuliwa, nikapeleka sahani kwa wanaume. Sikuachilia kitu. Sasa mama hayupo, naweza kueleza ilivyokuwa bila kumwaibisha.

Nyumbani kwetu mgeni alitangulia. Aliyetutembelea alioga kwanza, alipakuliwa kwanza, alilala upande wa ukuta, na kama samaki alikuwa mmoja, kichwa kilikuwa chake. Nilikulia katika utaratibu huo na nilijua kuuvumilia, kwa kuwa wageni huenda zao. Lakini Solange hakuwa na pa kwenda. Watu wenye silaha walikuwa wameuzunguka mji, mashamba ya ng'ambo ya Lualaba hayakufikika, chumvi ilipimwa kwa kijiko cha chai. Nilipomuuliza mama, kwa sauti ya chini sana, Solange ataacha lini kuwa mgeni, alinijibu akiendelea kutwanga: "Siku atapata kwake." Basi miezi ikapita nikinawa maji ya pili. Nguo zangu mbili nzuri tulivaa kwa zamu, yeye akianza. Na kibaya zaidi alipendeza ndani yake. Alikuwa mcheshi, aliwaiga askari wa kizuizi cha barabarani mpaka mama akashika mbavu, naye mama hakuwa amecheka hivyo kwa mambo yangu hata siku moja. Daftarini niliandika: Hata kucheka kwa mama anakula yeye kwanza.

Kitu kimoja tu nilikuwa nacho peke yangu, nacho kilikuwa kwa masera. Ndivyo tulivyowaita watawa. Masera Odile, mzaliwa wa Kasai, alitufundisha fizikia, na katika chumba cha ushonaji cha konventi, nyumba yao, alikuwa ameficha darubini ndefu kama mkono wa mtu mzima, ikilala katika mkeka uliokunjwa. Pamoja nayo ilikuwako kamera aliyopewa na kaka yake huko Ulaya alipojinunulia nyingine: kisanduku cheusi kisicho na kioo cha kuchungulia wala kitufe, chenye feni ndogo nyuma na waya wa kwenda kwenye ordinateri, yaani kompyuta. Mwanzoni mwa mwaka wa shule alikuwa amenionyesha mimi tu, nilipobaki darasani kufuta ubao. Aliniambia kamera ile haijui rangi. "Ya rangi inagawanya mwanga," alisema. "Chembe moja inachukua nyekundu, jirani yake kijani, ingine bluu, na kila moja inatupa zingine. Hii haitupi kitu. Kila chembe inakula mwanga wote, njo maana inaona vitu vyenye mwanga kidogo." Tukitaka rangi, tungeweka mbele yake kioo chekundu na kupiga picha, kisha cha kijani, kisha cha bluu. Zingetoka picha tatu za kijivu. Halafu ordinateri ingezipaka kila moja rangi yake na kuzilaza moja juu ya nyingine, kama kitenge kinavyopitishwa kiwandani mara moja kwa kila rangi. Nilirudi nyumbani siku ile nimejaa. Nilikuwa na siri nzuri na sikumwambia mtu, ila nilimwambia Solange alipofika, usiku wa kwanza, kwa kuwa alikuwa anatetemeka upande wa ukuta na sikujua kitu kingine cha kumpa.

Mvua zilipopungua, Solange akiwa sasa darasani kwetu, Masera alituita sote wawili. Kwa kuwa ilikatazwa kutembea gizani, mama alikubali tulale konventi siku za kupiga picha za nyota, chini, kati ya mashine za kushonea zilizofunikwa mashuka. Umeme ulitoka kwenye betri ya jokofu la chanjo la dispensari, na masera wa dispensari alikuja kutazama kila mara kama tunamnyonya. "Odile, watoto wa watu watapata surua juu ya nyota zako," alisema. "Nyota zangu zinakula kidogo kuliko redio yako," Masera alimjibu. Ua lilikuwa na ukuta mrefu, na ordinateri tuliifunika blanketi ili mwanga wake usionekane barabarani. Jioni ya kwanza, jua lilipozama na Msalaba wa Kusini ukatokea juu ya paa la kanisa, Masera aliuliza nani atakaa ndani ya blanketi, kwenye ordinateri, atazame picha zinavyotoka na kuamua kama ni nzuri. Aliuliza akinitazama mimi. Nilijua kwamba ni mimi. Kinywa changu kikasema kilichofundishwa: "Mugeni aanze."

Solange akaingia ndani ya blanketi, na hakutoka tena mwaka mzima. Mimi nilipewa vioo vitatu vya rangi na kifuniko cha darubini. Vioo nilivifunga uzi: fundo moja kwa chekundu, mawili kwa cha kijani, matatu kwa cha bluu, nivijue kwa vidole. Na kazi ya kifuniko ilikuwa giza. Kamera ile, hata ikifungwa macho kabisa, haitoi picha nyeusi. Joto lake lenyewe huacha vidoa vyeupe, vile vile kila mara, mahali pale pale. Basi baada ya picha za nyota unaifunika, unapiga picha ya giza kwa muda ule ule na kwa joto lile lile, halafu ordinateri inatoa giza ndani ya nyota, vidoa vinaondoka, nyota zinabaki. Nilifanya kazi hiyo vizuri, na niliichukia. Kutoka ndani ya blanketi nilisikia: "Oh, Masera, tazama hii," na vichwa vyao viwili vikasogeleana, mimi nimesimama kwenye umande nashika kifuniko. Zamu ya giza ilipofika, Solange alitoka nje kujinyoosha. Hakuna aliyekaa kutazama giza.

Kuna jioni askari waligonga. Mtu alikuwa ameripoti kwamba masera wana bomba la kurushia mabomu. Komanda aliingia na vijana wake, akaizunguka darubini, na Masera akamwekea mwezi. Alitazama muda mrefu. "Naweza kuona Kinshasa na hii?" aliuliza. Solange, kutoka ndani ya blanketi, akajibu kwa adabu: "Apana, komanda. Iko naona mbali kuliko pale." Vijana walicheka, komanda naye akacheka, wakaondoka na ndizi zetu. Kwa wiki nzima konventi yote ilirudia maneno yale. Mimi nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwa komanda na nilikuwa nimefikiria jibu, si zuri kama lile, lakini jibu. Usiku nilimgeuzia Solange mgongo. Aliniuliza: "Una nini?" Nikamwambia nina usingizi.

Picha tuliyoitaka ilikuwa ya kundi dogo la nyota kando ya Msalaba. Kwa macho ni kama chembe moja ya chumvi. Masera alitueleza kwamba nyota zake karibu zote ni za bluu, isipokuwa moja katikati ni nyekundu, na kwamba kamera yetu isiyojua rangi ingetuonyesha kwa njia yake: kwenye kioo chekundu ile moja ingeng'aa, kwenye kioo cha bluu ingefifia. Tulijaribu jioni nyingi. Mara mawingu, mara betri, mara risasi ng'ambo na kila mtu chini ya meza. Kisha ikaja jioni safi, lakini umande wa Lualaba ulishuka mapema na lensi ikashika ukungu. Kawaida Masera aliipepea na kipande cha karatoni. Safari hii alikuwa ameitwa kwa mama mkuu wa konventi, na Solange akafanya kama tulivyofanya sote kila asubuhi kwa yunifomu zisizokauka: alitia makaa katika pasi ya chumba cha ushonaji, akaiweka juu ya tofali, chini ya darubini. Ukungu uliondoka. Ila aliiweka upande wa nyuma, chini ya kamera yenyewe, na ile feni ndogo ikawa inavuta hewa ya moto.

Masera aliporudi, picha tatu zilikuwa zimeshapigwa. Aliingiza kichwa ndani ya blanketi. "Nini hii? Ni kama mutu alimwaga muchele." Solange, sauti imeshuka, akasema: "Nyota zimezidi." "Hizi si nyota. Hii iko joto." Nilichungulia. Kioo kizima cha ordinateri kilijaa vidoa vyeupe. Nakiri nilifurahi. Nilifurahi mpaka tumboni. Masera alisema tuondoe pasi, tungoje ipoe, tuanze upya, lakini betri ilikuwa inakaribia kuisha na mawingu yalikuwa yameshafika juu ya mto. Hapo mikono yangu ilifikiri kabla ya moyo wangu. Nilisema: "Acha pasi pale pale." Wote walinigeukia, maana sikuwa mtu wa kusema. "Musiitoshe. Nipige giza nayo pale pale. Joto njo lile lile." Nikafunika. Tulipiga giza lenye joto la pasi, tukalitoa ndani ya picha za Solange, na mchele wote ukaondoka. Masera alizipaka rangi zile tatu, akazilaza moja juu ya nyingine. Kundi likatokea, bluu tupu, na ile moja katikati nyekundu kama kaa. Kisha Masera alimshika Solange bega: "Weye mutoto una jicho." Nami akaniambia, kwa upole, bila kugeuka: "Feza, funga darubini, umande."

Nimekuwa mtu mzima, nimelea watoto, na bado naweza kuisikia sentensi ile na kukasirika kana kwamba nimesimama pale. Hakuwa na nia mbaya. Umande ulikuwepo kweli.

Muda mfupi baadaye Masera alikuja nyumbani kwetu, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Nilikuwa jikoni, nyuma ya mkeka uliotenga jiko na chumba, nakoroga bugali. Shirika lake lilikuwa linamhamishia Kinshasa, kwenye shule ya bweni ya wasichana. Angeondoka na ndege ndogo ya misheni, pamoja na darubini na kamera, na palikuwa na nafasi moja kando yake, na kitanda kimoja bwenini, bila malipo. Mji haukuwa na njia nyingine ya kutoka. Shule yetu siku nyingine ilifunguliwa, siku nyingine haikufunguliwa. Nafasi ile ilikuwa ndiyo masomo yenyewe, na kila mtu katika nyumba ile alilijua hilo. Nikaacha kukoroga.

"Solange ana jicho," Masera alikuwa anasema. "Feza njo ana mukono. Ukiniambia nichague, mama, miye nashindwa."

"Feza ana mama," mama alijibu. "Ule mwingine ana nini?"

"Sikuuliza nani ana nini. Niliuliza nani aende."

"Na miye nimekujibu, Masera."

Tulikula wanne. Mama alimpakulia Masera, kisha Solange, kisha mimi. Halafu, kwa sababu mambo ya namna ile huwa yanasemwa hadharani ili yasilete maneno baadaye, aliniambia kuhusu ndege, akaniuliza: "Feza, unasema nini?" Jibu lilikuwa limeshatengenezwa. Nilikuwa nimelisema mwaka mzima, lingetoka lenyewe. Niliona mama ananingoja kwa utulivu kabisa, kama mtu anayengoja amina. Nikasema: "Miye nataka kuenda."

Masera aliweka tonge chini. Solange aliendelea kula. Nikaongeza, maana nilipokuwa nimeanza sikuweza kunyamaza: "Nataka kuenda miye. Nilianza miye kuijua ile kamera. Pasi ile, miye njo nilijua." Sauti yangu ilikuwa nyembamba na niliichukia. Mama hakukasirika. Alinitazama muda kidogo, kama amenikuta barabarani na hakunitegemea. "Nimesikia," alisema. "Kula, bugali iko napoa." Tukala. Masera aliposimama kuondoka, mama alimwambia mlangoni, kwa sauti ya kawaida, kwamba Solange atakuwa tayari.

Tangu wiki ile mama alianza kuwaambia majirani kwamba Feza mwenyewe ndiye aliyemwachia mwenzake. Alilisema sokoni, kanisani, kwenye foleni ya maji. Nadhani alikuwa ananipa kitu badala ya kile alichoninyima, jina zuri, na kwa kuwa sikuwa na kingine nililichukua. Wivu wangu haukupungua. Ulipata tu mahali pazuri pa kukaa.

Siku ya tatu ya matanga, Solange aliinuka kwenye kiti chake, akaja kuosha sahani nami nyuma ya nyumba. Ana miwani sasa, na mvi mbele. Alinionyesha kwenye simu picha anazopiga uani kwake huko anakoishi, mawingu ya nyota mekundu na ya kijani, mazuri mno. Kamera yake ni mpya.

"Bado ile isiyojua rangi?" nilimuuliza.

"Bado. Ingine siitaki."

"Na giza, nani anakupigia?"

"Mashine. Inajifunika yenyewe."

Sikuipenda hiyo mashine. Tukaosha kidogo, kisha akasema, macho kwenye maji: "Bashangazi banasema uliniachilia. Miye nilikuwa mezani, Feza. Ulisema unataka."

"Juu ya nini hukubaambia?" Nilitaka kujua sababu.

"Juu mama mukubwa alipenda ile hadithi. Na naogopa bataniuliza miye nilisema nini."

"Ulisema nini?"

"Sikusema kitu. Nilikuwa nakula." Akanitazama. "Nilikuwa nakula haraka, ili mama mukubwa asibadili."

Tulicheka, kwa kweli tulicheka sana, mpaka mtu akaja kutuambia kwamba kuna msiba katika familia. Halafu aliniomba nimwonyeshe alipokuwa anatwangia mama, maana ua ulikuwa umebadilika, nikamwonyesha, akakaa hapo peke yake mpaka giza likaingia. Nilikuwa namtazama kutoka mlangoni. Aliyepewa ndege alikuwa analia kwa ajili ya mama yangu kuliko nilivyolia mimi, na hata hilo nililionea wivu.

Mwaka ule wa vita, ndege ya misheni iliondoka saa nne asubuhi. Tulisimama kwenye majani kando ya uwanja, mama na mimi. Solange alivaa gauni letu zuri. Alipanda bila kugeuka, na Masera alikuwa amepakata mkeka ule mrefu wa darubini magotini kama mtoto. Ndege ilizunguka juu ya mto, ikaenda. Mama alisema twende, jua kali. Siku ile sikula, sikuandika, nililala upande wa ukuta na sikupata usingizi.

Asubuhi iliyofuata niliamka mama akiwa bado amelala, nikanawa maji ya kwanza, nikaenda hospitali. Nilikuwa nimesikia kwamba mashine ya kupiga picha za mifupa imeanza kufanya kazi tena, na kwamba msaidizi wa chumba cha giza, wanamosafishia picha hizo, ameacha kazi. Fundi alikuwa mzee mwenye koti la kijani, anakunywa kahawa bila sukari mbele ya mlango. Nilimwamkia. Aliniuliza namtafuta nani, nikasema yeye, kwa kazi ya chumba cha giza. Akaniuliza nani amenituma, maana msichana wa umri wangu haendi kuomba kazi bila barua ya padri au neno la baba yake.

"Hakuna mutu," nilisema. "Nimekuja miye."

Alinitazama, akamwaga mashapo ya kahawa chini, akafungua mlango.